Baridi Hutunza Ubora, Haiuzalishi

Maandishi ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya vikundi vya wajasiriamali wa kata za kandokando ya ziwa



Nimeombwa kuzungumzia utengenezaji wa piza ya kugandishwa. Niliona baadhi yenu mkitabasamu ratiba iliposomwa. Afisa Habari na piza, wapi na wapi? Naomba nianze kwa kueleza jinsi jambo hili lilivyonifikia.

Miezi kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha akina mama kilifika ofisini kwangu na boksi lenye piza tano. Kilikuwa kimepata mkopo usio na riba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwa mujibu wa sheria hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Walikuwa wamenunua friza, wakaanza kutengeneza piza za kugandishwa ili wawauzie wenye maduka na nyumba za wageni. Walitaka niwaandikie tangazo. Kazi yangu ni maneno, nikaliona ombi hilo kuwa jepesi.

Usiku ule nikapasha piza moja nyumbani. Juu iliungua, katikati ilikuwa mbichi. Maji ya nyanya yalichuruzika kwenye sahani. Jibini lote lilikuwa limekusanyika upande mmoja, ishara kwamba piza ile iliwahi kuyeyuka ikiwa imeinama, kisha ikagandishwa tena. Kesho yake niliwaambia ukweli kwamba siwezi kuandika tangazo la chakula kile. Mwenyekiti wao, mama wa rika la mama yangu mzazi, alinitazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, marejesho hayangoji."

Sikuwa na la kumjibu. Niliahidi kutafuta. Nikamwendea Afisa Afya, nikazungumza na waokaji mikate na watu waliowahi kufanya kazi katika viwanda vya samaki, na nikasoma nilichoweza kukisoma. Haya ninayowaeleza leo ndiyo niliyoyapata, na yanawahusu pia wenye kugandisha sambusa, chapati na samaki.

Ndugu zangu, piza asili yake ni mji wa Napoli, kusini mwa Italia. Wenyeji wa mji huo wanaithamini kazi hiyo kiasi kwamba mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa waokaji piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Umoja wa Ulaya ulikwisha kuandika katika kanuni zake namna piza ya jadi ya Napoli inavyotakiwa kutengenezwa. Kwa lita moja ya maji, unga wa ngano kilo 1.8, chumvi gramu 50 hadi 55, na hamira mbichi gramu 3 tu. Hakuna sukari wala mafuta ndani ya donge. Donge huumuka kwa saa 2, hukatwa vipande vya gramu 180 hadi 250, kisha huachwa tena kwa saa 4 hadi 6 katika joto la nyuzi 25. Huokwa kwenye tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 485 kwa sekunde 60 hadi 90.

Kanuni hizo hizo zinakataza piza yenye jina hilo kugandishwa. Nilipofika hapo nilitaka kufunga kitabu. Ikiwa wenye piza yao wamekataa, sisi tunatafuta nini? Lakini Italia hiyo hiyo ina viwanda vinavyotengeneza piza za kugandishwa na kuziuza nchi nyingi. Viwanda vilivyo bora havidai kuuza piza ya jadi ya Napoli. Vimechukua ufundi wa jadi, vikajiuliza baridi itaharibu nini, kisha vikajiandaa kabla ya kugandisha. Huo ndio moyo wa mazungumzo yangu: baridi hutunza ubora uliokwisha kuupata, haiwezi kukupa ubora ambao hukuwa nao.

Tuanze na donge. Mazoea yetu mengi ni kuweka hamira nyingi ili unga uumuke upesi. Waitaliano hutumia hamira kidogo na muda mrefu. Katika muda huo wanga wa unga huvunjika taratibu na kuwa sukari, ladha hujengeka, na mkate huwa mwepesi tumboni na mwororo mdomoni. Kumbukeni kwamba gramu 3 nilizotaja ni za hamira mbichi. Hamira ya punje kavu tunayoinunua dukani ina nguvu zaidi, hivyo theluthi moja ya kipimo hicho inatosha. Nyuzi 25 nazo hatuhitaji kuzinunua. Hali ya hewa ya Mwanza hutupatia joto hilo au linalokaribiana nalo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na siku ikiwa ya joto kali, donge hufunikwa na kuachwa kwenye ubaridi wa usiku.

Kosa kubwa la wale akina mama lilikuwa kugandisha donge likiwa bichi. Ndani ya donge kuna nyuzi za gluteni, ule mnato unaouvuta unga bila kukatika. Barafu huzichana nyuzi hizo, na huua sehemu ya hamira. Donge likiyeyuka hubaki zito na halina nguvu ya kuinuka. Ndiyo maana viwanda vingi vya Italia huoka kwanza mkate wa chini, vingine katika tanuri la mawe lenye moto wa kuni, kisha huuacha upoe, huupaka nyanya na jibini, ndipo huugandisha. Mnunuzi anabaki na kazi ya kupasha na kumalizia rangi. Tanuri la matofali ya kuchoma, kama yale ya waokaji mikate wetu, linaweza kazi hiyo hata lisipofikia nyuzi 485. Litachukua dakika kadhaa badala ya sekunde.

La pili ni maji. Maji ndiyo adui wa piza ya kugandishwa. Nyanya zinazosifika kule Napoli ni za San Marzano, zinazolimwa karibu na mlima wa volkano wa Vesuvio. Ni ndefu, zina nyama nyingi na mbegu chache. Hapa sokoni tunazo za Tanya na Rio Grande ambazo nazo zina nyama ya kutosha. Zichaguliwe zilizoiva kabisa, zitolewe mbegu na maji, kisha zichemshwe bila kuongeza maji mpaka rojo liwe zito. Jibini nalo lichujwe. Jibini la mozzarella hutoka likiwa na maji mengi, na mwokaji mwenye uzoefu hulikata na kuliacha kwenye chujio mahali pa baridi usiku kucha kabla ya kulitumia. Tusidhani kwamba jibini la namna hiyo lazima litoke ng'ambo. Kule Njombe, mradi wa maziwa uliosaidiwa na shirika la Kiitaliano la CEFA uliwafundisha Watanzania kutengeneza jibini za mtindo wa Kiitaliano kwa maziwa ya wafugaji wadogo.

Kuhusu vitu vya juu, msiogope vya kwetu. Wanapoli huweka samaki wadogo wa baharini waliotiwa chumvi, na hakuna anayewacheka. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria hana sababu ya kuona aibu kuweka sato aliyekaushwa kwa moshi, mradi awe mkavu. Ndugu zetu wa Zanzibar walikwisha kuonyesha njia. Piza ya Zanzibar inayouzwa Forodhani ni chapati nyembamba iliyokunjwa pamoja na nyama na yai, ikakaangwa kwenye kikaango. Haifanani na ya Napoli, na wageni huipangia foleni.

La tatu ni namna ya kugandisha. Maji yakiganda polepole huunda chembe kubwa za barafu zinazotoboa chakula, na kikiyeyuka maji yote humwagika. Yakiganda haraka, chembe huwa ndogo na madhara ni machache. Viwanda hupuliza hewa yenye baridi ya zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Friza zetu zimeundwa kukihifadhi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri chakula ambacho tayari kimeganda. Ukiingiza piza 40 zenye uvuguvugu kwa mara moja, hazigandi, zinapashana joto. Ziingizwe chache, zikiwa zimepoa kabisa, zikitandazwa bila kugusana. Zikishakuwa ngumu kama ubao ndipo zifungwe vizuri na kupangwa.

La nne ndilo lenye uhai wa watu ndani yake. Baridi haiwaui bakteria wote. Wengi huwalaza tu. Chakula kikiyeyuka huamka na kuzaana. Wapo bakteria wanaotoka kwenye mikono, pua na vidonda ambao huacha sumu isiyoondoka hata chakula kikipashwa motoni. Kwa hiyo chakula kilichoyeyuka na kupata joto hakirudishwi kwenye friza. Kinatupwa, hata kama roho inauma.

Umeme ukikatika, msifungue friza kila dakika kuangalia. Friza iliyojaa na kufungwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, iliyo nusu takriban saa 24. Iko mbinu rahisi ya kujua kilichotokea mkiwa hampo. Gandisheni maji kwenye kikombe, wekeni sarafu juu ya barafu, kiacheni humo ndani. Mkikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka, na msiuze. Katika usafirishaji nako tusijidanganye. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea kusubiri kivuko, lakini boksi lisilo na barafu litayeyuka hata kwenye barabara nzuri.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni masharti ya wakubwa. Naomba tukumbuke historia ya mkoa wetu. Viwanda vyetu huuza minofu ya sangara Ulaya, Italia ikiwemo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa kutumia sumu. Walioumia hawakuwa wenye viwanda peke yao. Mvuvi, mchuuzi wa mwaloni na mama aliyepika chakula cha wavuvi waliumia pamoja nao, hata kama hawakuwahi kushika sumu. Soko lilirejea baada ya ukaguzi na upimaji kuimarishwa. Uaminifu ukipotea kwa mmoja, huwapotea majirani wote, na kikundi kimoja kikiuza chakula kilichoharibika, mnunuzi hatakumbuka jina la kikundi. Atasema vyakula vya akina mama wa kata ile havifai.

Nirudi kwa mama yule na swali lake. Kikundi chake kilianza upya kwa kipimo kimoja, yaani unga kilo 1.8, kinachotoa madonge 11 ya gramu 250. Hizo 11 ndizo wanazogandisha kwa siku, kwa kuwa ndizo friza yao inazoweza. Piza za kwanza tulizila wenyewe. Za pili pia. Rejesho la mwezi ule walilipa kwa fedha za mikate na maandazi yaliyotoka kwenye tanuri lile lile, na nawaombeni mlizingatie hilo. Anayejifunza bidhaa mpya awe na bidhaa ya zamani ya kumshika mkono. Siwezi kuwaambia kwamba wametajirika. Naweza kuwaambia kwamba mwezi uliopita nilipasha piza yao, ikaiva mpaka katikati, na sahani ilibaki kavu.

Kwa wanaotaka kufuata njia hii, huduma zipo. Onaneni na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla ya kuandika andiko la mkopo, msisubiri friza iwe imekwisha kununuliwa. Afisa Afya atakagua jengo na kuwaelekeza kuhusu upimaji wa afya za wapishi. SIDO mkoani Mwanza hutoa mafunzo ya usindikaji, na humtambulisha mjasiriamali mdogo kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula.

Lile tangazo nimeliandika hatimaye. Lina mistari mitatu. Wa kwanza unataja siku piza ilipotengenezwa na mwisho wa kutumika. Wa pili unasema ihifadhiwe wapi, na kwamba ikiyeyuka isigandishwe tena. Wa tatu unaeleza namna ya kuipasha. Mama Mwenyekiti aliusoma mara mbili, akauliza sifa ziko wapi. Nilimjibu kwamba sifa atazitoa mlaji.