Asivushwe Mtu Bila Hakimu

Ndugu zangu wa Adams Arcade. Tumetoka tarawehe, sitawachosha.

Februari 2007 Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa. Mwezi uliofuata yuko Guantanamo, jela ya Marekani. Karudishwa Desemba 2024 bila kushtakiwa. Miaka 17!

Je, sheria haikuwepo? Ilikuwepo. Sura ya 76 yataka mtu afikishwe kwa hakimu kwanza. Ikarukwa. Mwaka 2010 wengine wakavushwa Uganda vivyo hivyo.

Mwenye kosa ashtakiwe, hatumtetei. Lakini sheria irekebishwe: afisa anayemvusha mtu bila amri ya korti, naye apande kizimbani.

Nanyi, jamaa akichukuliwa, tafuteni wakili siku hiyo hiyo, aombe korti iamuru aletwe. Haki hiyo Katiba, kifungu cha 25, hairuhusu ipunguzwe. Msingoje kesho, ndege haingoji.