Breki za Gari la Kikundi Wakati wa Mvua

Bwana mwenyekiti, mama mweka hazina, akina mama na wazee wa kikundi, asanteni kwa chai. Mlituita tuzungumze juu ya daftari la mikopo, lakini tangu tufike ni ile pikapu tu inayosemwa: kwamba breki zinashika na kulia tangu mvua ianze, na kwamba dereva ndiye ameiharibu. Basi tuanze na hiyo, maana mkimfukuza leo na kosa si lake, gari litabaki vile vile.

Sisi si mafundi. Lakini gari la ofisi yetu limetusumbua masika kadhaa, na tulilipa pesa nyingi kabla hatujajua kuuliza maswali.

Kwanza kelele za asubuhi. Diski za mbele ni chuma kitupu, gari likilala nje kwenye mvua hushika kutu nyembamba kwa usiku mmoja tu. Asubuhi ukikanyaga breki unasikia kama mtu anakwaruza sufuria. Ukikanyaga mara tatu nne, kutu inafutika, kelele inaisha. Huo si ugonjwa, msimlipe mtu kwa ajili yake. Ikiendelea mchana kutwa, hapo kuna jambo. Pengine ni kijiwe kilichoingia kati ya diski na kile kibati cha nyuma yake. Hicho hulia hata bila kukanyaga. Lakini chuma ikilia kwa chuma unapokanyaga, pedi zimekwisha. Gari lisibebe watu tena mpaka zibadilishwe.

Sasa kushika. Hili lilitupata sisi wenyewe. Jioni moja ya mvua dereva wetu alivuta handibreki sana, kama alivyofundishwa, akaenda kulala. Asubuhi gari halitoki. Akakanyaga mafuta kwa nguvu, gurudumu la nyuma likaburuzwa matopeni bila kuzunguka. Tulimlaumu, tena mbele ya watu. Kumbe lainingi ndani ya drami zilikuwa zimelowa na kushikana na chuma kwa kutu. Fundi mmoja mzee aliinua gurudumu kwa jeki, akagonga drami kidogo kwa nyundo, likaachia. Siku hizi wakati wa mvua tunaegesha mahali tambarare, tunaacha gia ya kwanza, tunaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na handibreki hatuivuti.

Kama linashika hata safarini, endesheni kama kilomita 10 bila kukanyaga breki ovyo, kisha msimame mpitishe mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Lenye joto kuliko mengine ndilo lenye shida. Liinueni, mawe yakiwa kwenye magurudumu mengine, gia huru na handibreki imeachiliwa, mlizungushe kwa mkono. Likikataa, mwambieni fundi alegeze kile kinati kidogo cha kutolea hewa. Likiachia hapo, ni mafuta yaliyozuiliwa yasirudi, mara nyingi na mpira wa breki uliovimba kwa ndani. Likikataa bado, tafuteni kutu: kwenye pistoni, kwenye pini za kalipa, au kwenye waya wa handibreki uliochanika ganda maji yakaingia. Bei ya mpira na bei ya kalipa si moja, ndiyo maana tunasema mama mweka hazina awepo fundi anapopima.

Mafuta ya breki nayo hunyonya maji ya hewani. Yabadilishwe kila miaka 2 hivi, na yawe ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, kama DOT 3 au DOT 4. Tumeona mtu akijaza oili ya injini; mipira yote ilivimba ikabidi kununua mingine. Wala asiwepo wa kupaka grisi kwenye pedi ziache kulia. Zitanyamaza kweli, na gari halitasimama.

Mkivuka maji yaliyofika kwenye rimu, endesheni polepole mkikanyaga kidogo kidogo zikauke, kabla ya ule mteremko wa kwenda sokoni.

Juu ya dereva, kamati isiketi bado. Kesho asubuhi tutainua gurudumu la nyuma hapa uwanjani, naye akiwepo. Jeki tunayo. Daftari la mikopo tutalifungua baada ya hapo.