Breki za Gari Kuukuu

Leo twataka kusema nanyi habari za breki. Huenda mtu akauliza, mchungaji ana nini na breki? Anayo mengi. Sisi ndio tuitwao kusimama kando ya kaburi na kuwafariji waliobaki, na katika nchi hii yako makaburi mengi yaliyochimbwa kwa sababu gari lilikataa kusimama.

Anayeifahamu barabara ya kushuka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, anajua tunalosema. Vivyo hivyo anayeufahamu mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa. Tarehe 30 Juni 2023, penye njia panda ya Londiani, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliingia katikati ya wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa jioni hiyo. Mama aliyekuwa akiuza mboga pale hakuwa na gari. Hakulikagua lori wala hakuulizwa habari zake. Ndivyo ilivyo mara nyingi: anayeumia si yule aliyekuwa na uwezo wa kutengeneza.

Torati yalijua jambo hili kabla ya magari. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba mpya aliagizwa aweke ukingo kuzunguka dari lake, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Na katika Kutoka, sura ya 21, twasoma habari za ng'ombe mwenye kupiga watu pembe. Kama mwenyewe hakujua tabia ya ng'ombe wake, hukumu yake ni nyingine. Lakini kama alionywa asimzuie, na mtu akafa, mwenyewe ana hatia. Ndugu, dereva anapokuja kwako kusema, "Mzee, breki zinaenda chini," umekwisha kuonywa.

Parokia nyingi zina pikapu ya zamani. Pengine ni Peugeot 404, au Datsun, au Hilux, au Land Rover iliyofika wakati wazee wa kanisa wa leo walipokuwa vijana wa kwaya. Injini bado yavuta vizuri, na kwa hiyo watu husema gari bado zima. Lakini injini ikifa, utasukuma gari hadi kando ya njia ukangoje msaada. Breki zikifa juu ya mlima, hakuna wa kukungojea.

Tuangalie basi jinsi breki zinavyofanya kazi. Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kutoka mwaka 1623 hadi 1662, mtu wa hesabu na pia Mkristo wa moyo, alieleza kwamba ukisukuma maji yaliyofungiwa katika chombo, msukumo huenea sawasawa kila upande. Hiyo ndiyo siri ya breki. Mguu wako wasukuma mafuta katika silinda kuu, mafuta yapita katika paipu hadi kwenye kila gurudumu, na huko yasukuma vile vipande vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita breki shuu, vikabane dramu inayozunguka na gurudumu. Mafuta hayakandamiziki, kwa hiyo nguvu hufika yote. Hewa hukandamizika. Ndiyo maana hewa ikiingia, pedali huwa laini kama mto wa kulalia.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mafuta ya breki ya kawaida, yale yenye alama ya DOT 3 au DOT 4, hunywa maji kutoka hewani, polepole, mwezi baada ya mwezi. Yakiwa mapya, DOT 3 haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3 na kitu, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Sasa dereva anashuka mlima na mzigo, mguu juu ya breki kilomita baada ya kilomita. Dramu zawaka moto, mafuta yachemka ndani ya silinda za magurudumu, mvuke hutokea, na mvuke ni kama hewa. Anakanyaga, pedali yagonga sakafu. Kama Mungu amemhurumia akasimama, baada ya nusu saa vyuma vimepoa, mvuke umerudi kuwa maji, na pedali ni nzuri kama jana. Fundi akipima haoni kitu. Hapo ndipo tunaposikia habari za mashetani ya mlima. Wapenzi, tusimsingizie Shetani kazi ya maji. Anazo zake za kutosha. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, nunua chupa iliyofungwa, wala usitunze ile iliyobaki wazi tangu mwaka juzi.

Tena, usitie mafuta ya injini. Tumeona watu wakijaza chochote kilicho karibu, hata maji, ili wafike nyumbani. Mafuta ya injini huvimbisha mipira yote ndani ya breki, na ukishayatia, si mafuta tu ya kumwaga, ni kila mpira wa kubadilisha. Na liko lile jambo la kubana paipu: gurudumu moja linavuja, fundi wa kando ya njia anaikunja paipu yake na kuigonga kwa nyundo, gari likaendelea na breki za magurudumu matatu. Kwa kufika gereji ya karibu, polepole, labda. Lakini tumezijua pikapu zilizotembea hivyo mwaka mzima, zikibeba watoto wa Shule ya Jumapili.

Katika gari kuukuu, usiamini hosi za mpira kwa sura yake ya nje. Huoza kwa ndani, njia ikaziba, mafuta yakapita ukikanyaga yasirudi ukiachilia. Gurudumu lashika daima na gari lavuta upande mmoja. Paipu za chuma nazo huliwa na kutu, hasa kwa ndugu zetu wa Pwani. Breki shuu zibadilishwe kabla vichwa vya ribiti havijaanza kukwaruza dramu, na zibadilishwe za magurudumu yote mawili ya ekseli moja, kushoto na kulia. Vumbi lililo ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo yadhuru mapafu na kuleta kansa. Lilowesheni kwanza, kisha mpanguse kwa kitambaa kibichi. Vijana wa gereji hawaambiwi haya.

Liko na hili la springi. Pikapu nyingi za baadaye zina valvu karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono mwembamba wa chuma. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likiwa tupu hupunguza breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge na kuteleza, na likishuka kwa uzito huziongeza. Sisi Wakenya tunapenda kuongeza springi ili tubebe zaidi. Basi gari lapakiwa magunia hadi juu lakini halishuki, na valvu yadhani ni tupu. Breki za nyuma hupunguzwa siku ile ile zinapohitajiwa kuliko zote. Ukiongeza springi, mwambie fundi aipime valvu upya.

Na je, gari la zamani laweza kupewa breki bora kuliko zile lililozaliwa nazo? Laweza. Magari mengi ya kale yalikuwa na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne; mpira mmoja ukipasuka, umepoteza yote. Silinda kuu ya njia mbili hugawanya, ili upande mmoja ukimwaga, mwingine ubaki na kitu cha kukusimamisha. Kama fedha za parokia ni chache, twaonelea hiyo ndiyo ya kwanza, baada ya hosi na mafuta kuwa safi. Kisha yafuata diski katika magurudumu ya mbele. Dramu ikipata moto hupanuka na kuikimbia shuu, lakini diski iko wazi penye upepo, hupoa upesi, na hukauka upesi baada ya kuvuka mto. Mara nyingi vifaa vya toleo la baadaye la gari lile lile vyaweza kufaa. Lakini msikubali diski zifungwe na silinda kuu ya zamani ikaachwa bila kufikiriwa. Padi za diski hutaka mafuta mengi kuliko shuu, na ile valvu ndogo inayobakiza msukumo kwa ajili ya dramu itazifanya padi zisugue diski daima. Kazi hii ni ya fundi anayejua, si ya binamu wa katibu wa parokia.

Sevo, kile chombo cha kuusaidia mguu, tungeiweka mwisho. Hurahisisha kukanyaga, lakini haipoezi dramu wala haizibi paipu iliyotoboka. Tena yategemea injini inayonguruma. Dereva anayezima injini na kuacha gari lishuke bure ili aokoe petroli, atapata msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu, kisha abaki na mguu wake tu. Gia ndogo tangu juu ya mlima, hiyo ndiyo breki isiyonunuliwa.

Fedha ndizo huleta maneno. Tumeketi katika kamati ambazo zilipata fedha za kupaka pikapu rangi na kuandika jina la parokia mlangoni kwa herufi nzuri, na breki zikaahirishwa hadi mavuno. Rangi yaonekana siku ya ziara ya Askofu, silinda haionekani. Tena tumesikia dereva akiambiwa, "Nenda tu, tutaomba." Wakaomba kweli, wakiwa wamefumba macho kuizunguka gari. Shetani alimtaka Bwana wetu ajitupe kutoka juu ya hekalu, kwa kuwa malaika wangemchukua, naye Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Dereva ana mke na watoto, na anaogopa kupoteza kazi. Asipopewa ruhusa na wazee ya kukataa kuliendesha gari bovu, atalipeleka, na kwaya nzima nyuma.

Basi wazee wa kanisa, kesho kabla gari halijatoka, mwombeni dereva akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia kwa dakika moja, injini ikiwa imezimwa. Ikizama polepole, mafuta yanapita mahali. Angalieni ndani ya kila tairi kama pana unyevu. Hewa ikitolewa, kwa kawaida waanze na gurudumu lililo mbali na silinda kuu, katika magari yetu nyuma kushoto, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Na katika silinda ya zamani wasiibamize pedali hadi sakafuni, maana huko chini pana kutu inayokata mipira. Likishatengenezwa, lijaribiwe tupu mahali tambarare, kisha na magunia ya mchanga. Watu wapande baadaye.