Watoto wetu wanaosoma informatique de gestion wajifunze nini?

Maneno ya kamati mbele ya wanachama, wazazi na wanafunzi, Kalemie



Hatutasema mingi. Chama chetu kinasaidia kulipa minervali ya watoto walio chuoni, na wengi wamechagua informatique de gestion. Mama mmoja alituuliza: "Feza ya ndagala zangu inaenda kumfundisha mtoto kufungua kompyuta. Akimaliza, atatufungulia nini sisi?" Swali lile ni la haki. Leo tunalijibu.

Elimu hii si kupiga maandishi kwa mashine, wala si kutengeneza simu. Ni kuweka habari za kazi, yaani feza, mali, watu na tarehe, kwa mpango unaomwezesha anayeamua kuona ukweli. Mtoto anasoma vitu viwili pamoja: mashine, na kazi yenyewe. Sisi tunasema kazi itangulie, juu tumeumia.

Kuna mwaka tulimpa kijana wetu mmoja kazi ya kuhamisha daftari la akiba kuliingiza kwenye kompyuta. Kijana mwaminifu, mwenye akili. Akatengeneza kitu kizuri kweli, tukafurahi, na daftari tukaacha kuliandika. Kisha akapata kazi mji mwingine, akaondoka. Neno la siri alilijua yeye peke yake, na simu yake haikupatikana. Siku zile mama mmoja akafiwa na mume, akaja kuomba msaada wa msiba. Alikuwa amelipa kila mwezi, lakini hatukuwa na pa kuonyesha. Tulitafuta vipande vya karatasi mpaka msiba ukaisha. Alizika kwa deni. Hakuna aliyeiba hata franga moja. Kosa lilikuwa letu sisi kamati: hatukuuliza, "Na wewe usipokuwepo?"

Basi, watoto, haya ndiyo tunayotaka mjifunze.

La kwanza ni hesabu ya feza, hata bila kompyuta. Kanuni ya kuandika kila pato mara mbili, inakotoka na inakoingia, Luca Pacioli aliieleza katika kitabu kule Italia mwaka 1494. Haikungoja umeme. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na hesabu za biashara sasa zinafuata SYSCOHADA. Asiyejua debi na kredi atampa mashine kosa lake, na mashine italirudia haraka kuliko yeye.

La pili, jueni jinsi feza inavyotembea hapa kwetu. Asubuhi mtu analipa kwa dola, mchana kwa franga, jioni anatuma kwa M-Pesa ao Airtel Money. Anayeleta bidhaa kutoka Kigoma ana shilingi pia. Programu yenye nafasi ya sarafu moja tu itasema uongo. Andikeni sarafu iliyotolewa, kiasi chake, na bei ya dola siku ile. Halafu kuna alama ndogo inayotupiganisha: wengi wetu tulizoea Tanzania kwamba 1,500 ni elfu moja mia tano. Aliyesoma kwa Kifaransa anaona moja na nusu. Kompyuta inafuata lugha iliyowekewa, haiulizi mtu.

La tatu ni majina. Hapa mtu ana jina, postnom na prenom. Kule Lugufu, Nyarugusu, Mwange na Kala, karani aliandika alivyosikia. Leo karatasi ya kurudi inasema hivi, kadi ya uchaguzi inasema vile. Wazee wasiojua siku yao ya kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari. Kwenye orodha, mtu mmoja anakuwa wawili, ao majirani wawili wanakuwa mmoja. Mpeni kila mwanachama namba yake isiyobadilika. Na msifute jina mpaka mmeketi na mwenyewe mkamsikiliza.

La nne ni siri za watu. Mkoa wetu umeona damu kati ya Batwa na Baluba. Tunajua orodha yenye kabila, avenyu na kiasi cha feza inaweza kumletea mtu hatari mlangoni. Kabla ya kuongeza safu yoyote, ulizeni: hii inatumika kwa kazi gani? Ikiwa hakuna kazi, msiiandike. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Kodi ya Numeriki, sheria inayolinda habari binafsi za watu. Isomeni kabla ya kutuma orodha kwa WhatsApp.

La tano, moto. Umeme ukikatika, mwanachama haachi kuja. Kitu mnachotengeneza kiwe na nakala mahali pengine, na kiweze kuendelea kwa karatasi mpaka moto urudi.

Chuoni wengi wenu mnafundishwa Merise, njia iliyotoka Ufaransa miaka ya 1970. Ina hekima: kabla ya kugusa mashine, uchore nani anafanya nini na habari inapita wapi. Lakini mara nyingi kazi ya kumaliza masomo inatetewa mbele ya walimu, inapewa alama, inawekwa kabatini. Hakuna duka wala dispensari iliyowahi kuitumia. Hiyo ni hasara ya mzazi na ya mji.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo mbele yenu. Mwanafunzi tunayemsaidia afanye kazi yake ya mwisho juu ya kitu cha kweli: daftari letu, wauza samaki, depo, dispensari. Kwanza akae na mwenye kazi siku kadhaa, aandike kwa bic. Akitengeneza, daftari la karatasi liendelee sambamba miezi mitatu, na kila mwisho wa mwezi hesabu mbili zilinganishwe. Neno la siri likae kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mweka hazina. Na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, ili karani wetu ayafuate bila kumpigia mtu simu.

Marafiki mnaotusaidia, asanteni kwa kompyuta. Tunaomba pia mfikirie betri, daftari, na nauli ya mwanafunzi kwenda kukaa na wenye kazi. Bila hivyo kompyuta inabaki pambo la ofisi.

Wazazi, mtoto akirudi likizo msimwulize tu kama amefaulu. Mpeni daftari lenu la deni za ndagala, mwambieni alisome na aseme nani anadaiwa. Akiweza kuwaeleza mpaka mkaelewa, feza yenu haikupotea.

Mama aliyeuliza lile swali yuko hapa. Tunamwomba awe wa kwanza kusema kama tumemjibu.