Kocha Wako Amejifunza Nini?

Leo tuongee habari za mpira, ila msitegemee nitawaambia nani atachukua kombe. Nina swali moja tu. Ninyi mnaoangalia ligi za Ulaya, mmewahi kujiuliza kwa nini timu siku hizi hubadilisha wachezaji watano badala ya watatu?

Chanzo chake ni ugonjwa wa Korona. Machi 2020 karibu ligi zote za Ulaya zilisimama. Bundesliga ya Ujerumani ilirudi tarehe 16 Mei mwaka huo, viwanja vikiwa vitupu. Watunga sheria za soka waliona hatari: wachezaji wamekaa nyumbani, halafu watacheza mechi nyingi kwa siku chache. Wataumia! Basi wakaruhusu watano kwa muda, na mwaka 2022 sheria hiyo ikawa ya kudumu.

Haya, hao ni matajiri wenye madaktari wao. Je, msichana wa miaka 15 kule Ureno au Poland, anayecheza mpira wa kikapu baada ya masomo? Yeye hana daktari wa timu. Ana kocha tu. Na huko Ulaya makocha wengi wa vijana ni watu wa kujitolea: mchana yuko kazini kwake, jioni yuko uwanjani na filimbi.

Sasa fikiria kocha huyo hajafundishwa habari za mwili. Siku ya kwanza baada ya kufungiwa ndani miezi mitatu, anawakimbiza watoto kama vile hakuna kilichotokea. Anayechechemea anaambiwa, "Acha uvivu!" Aliyetoka kuugua akikosa pumzi, anaambiwa akaze moyo. Hapo ndipo watu huumia, na wengine huacha michezo kabisa.

Katikati ya mwaka 2020 Baraza la Umoja wa Ulaya, Croatia ikiwa mwenyekiti, lilitoa matamko mawili. Moja lilihusu kuinua ujuzi wa makocha, wa kulipwa na wa kujitolea. Jingine lilihusu kuisaidia michezo isimame tena baada ya Korona. Hayakuwa amri. Kwa mkataba wao, Umoja huo unaweza kuunga mkono na kushauri tu. Kila nchi inaamua yenyewe. Lakini mimi nayasoma pamoja hayo mawili. Fedha zinaweza kufungua geti la uwanja. Ukishaingia ndani, usalama wako uko mikononi mwa kocha.

Kocha aliyejifunza utamtambua. Huanza polepole. Hupasha misuli moto kwanza. Huruhusu maji. Huuliza nani ameugua, na mwenye maumivu humtoa bila kumcheka.

Na wewe je? Una kazi yako pia. Ukitoka kuugua au kukaa muda mrefu bila mazoezi, ongeza kidogo kidogo. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi ikikukatikia kuliko kawaida, simama hapohapo, mwambie kocha, kisha nenda hospitali. Hiyo siyo aibu, wala siyo uvivu.

Kwa hiyo leo jioni kocha akikuuliza unajisikiaje, usimjibu "poa tu" huku goti linakuuma. Mwambie ukweli.