Kampuni iliyokuwa baba na mama



Tangu tulipoanza kusema juu ya kazi katika kipindi hiki, swali moja linarudi: je, mtu aliyeokoka anaweza kuingia sendika? Wengi wanaliuliza kwa woga. Wameambiwa kanisani kwamba sendika ni uasi, kwamba mkristo anamtii bwana wake wa kazi na mengine anamwachia Mungu. Wengine wameambiwa neno hilo hilo kazini, tena na mkubwa ambaye mlango wa kanisa haujui. Mtu wa namna hiyo akianza kutuhubiria utii, tuwe macho kidogo.

Kabla ya kujibu, tuangalie kwanza mambo yaliyotokea hapa Katanga, sababu wazee wetu walipitia swali hili kwa damu.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Miaka ya kwanza ilichukua watu kutoka mbali kwa muda mfupi, na wengi walikufa kwa magonjwa kambini. Karibu na mwaka wa 1928 kampuni ikabadili njia. Iliona kwamba mfanyakazi anayekaa analeta faida kuliko yule anayekuja na kurudi. Basi ikatoa mkataba wa miaka mitatu, ikataka mwanaume aje na mke wake, ikampa nyumba na posho, watoto wakazaliwa katika hospitali ya kampuni na kusoma shule za mapadri ndani ya kambi. Watu wakasema, "Union Minière njo baba, njo mama." Hawakusema kwa mzaha. Mtoto wa kambi alikula, alivaa, alitibiwa. Tusidharau jambo hilo, hasa sisi tunaojua leo bei ya dawa moja tu.

Lakini baba huyo hakutaka kitu kimoja: watoto wake wakae pamoja, wachague mmoja wao, wamtume aseme. Mkuu wa kambi alijua kila nyumba na kilichomo. Mwenye shida alikwenda kwake, peke yake, kofia mkononi. Na sheria ya koloni ilikuwa upande wa kampuni, kwa maana mtu mweusi hakuruhusiwa kuunda sendika.

Vita vilipokuja na Ubelgiji ikaanguka mwaka wa 1940, shaba ya Katanga ikatakiwa sana na wale waliopigana na Hitler. Kazi iliongezeka. Bei za vitu zilipanda, na mshahara haukuzifuata. Mwanzoni mwa Desemba 1941 wafanyakazi wa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, wakaacha kazi, kisha wale wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Waliomba nyongeza ya mshahara. Hawakuwa na sendika, hawakuwa na mjumbe anayejulikana na sheria. Walikuwa na mtu kama Léonard Mpoyi, mfanyakazi aliyesoma, ambaye wenzake walimwamini aseme kwa niaba yao.

Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Gavana wa Katanga, Maron, alifika na askari, akawaamuru warudi kazini. Mpoyi alijibu kwa ajili ya wenzake. Alipigwa risasi akafa, na askari wakafyatua bunduki juu ya kundi lote. Waliokufa siku ile ni makumi. Hesabu ya serikali na hesabu ya watu hazijapatana mpaka leo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mchoraji wa hapa hapa, Tshibumba Kanda Matulu, alipochora historia ya nchi yetu, mauaji ya Union Minière hayakukosa katika picha zake.

Angalieni vizuri ni nani aliyelengwa kwanza. Ni yule aliyesema kwa niaba ya wengine. Mtu mmoja mmoja akija kuomba, kampuni ilijua la kufanya: ilimpa au ilimnyima. Ila mtu aliyesimama na wengine elfu nyuma yake, huyo hakuwa na nafasi katika nyumba ya baba.

Tufungue Kutoka sura ya 5. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya Musa na Haruni, na wale wanyapara wa Israeli tunawaruka. Farao amewaondolea watu majani ya kufyatulia matofali, lakini hesabu ya matofali imebaki ile ile. Wanyapara wanapigwa. Ndipo wanakwenda wenyewe mbele ya Farao na kumweleza kwamba kosa ni la watu wake. Jibu lake ni kuwaita wavivu. Hakuna neno katika sura ile linalosema kwamba wanyapara walitenda dhambi kwa kwenda kulalamika. Na kilio cha watu wale juu ya kazi yao, sura ya 3 inasema Mungu alikwisha kukisikia.

Turudi kwetu. Baada ya vita, mwaka wa 1946, serikali ya koloni iliruhusu sendika za watu weusi, lakini chini ya macho yake. Mwaka huo huo Union Minière iliweka mabaraza ya wafanyakazi ndani ya kampuni, na ndiyo iliyoyapenda kuliko sendika. Hapa ndipo tunaomba msikilize kwa makini, sababu jambo hili linaendelea mpaka sasa chini ya majina mengine. Katika baraza wajumbe walisema juu ya posho, juu ya nyumba, juu ya kazi, na mengine yalitengenezwa. Ni kweli. Lakini baraza lilikuwa mtoto wa kampuni. Lilikutana kwa mpango wa kampuni, na mjumbe aliyemaliza kusema alirudi chini ya mkubwa yule yule, pasipo chama nje cha kumtetea. Kusikilizwa kwa hisani ni kuzuri. Lakini anayekusikiliza kwa hisani, kesho akichoka atafunga sikio, nawe huna pa kwenda.

Mwaka wa 1967 serikali ilichukua kampuni, na baadaye ikaitwa Gécamines. Sendika nazo zilikusanywa mwaka huo kuwa moja tu, chini ya utawala wa Mobutu. Kwa hiyo baba alibadilika jina, na msemaji wa watoto akawekwa mfukoni mwa serikali. Kisha kampuni ikaanguka. Mwaka wa 2003, kwa mpango wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alitia sahihi yake mwenyewe, akapokea hesabu yake mwenyewe. Katika makanisa yetu wako wazee ambao mpaka leo wanasema pesa ile haikulingana na miaka yao. Mtu mmoja mmoja, tena.

Na leo? Kati ya Likasi na Kolwezi vijana wengi hawaajiriwi na kampuni yenye mgodi. Wanaajiriwa na kampuni ndogo iliyokodiwa. Wakichagua mjumbe, anaongea na mkubwa ambaye mwenyewe hana uamuzi, na yule mwenye uamuzi anasema hawa si watu wangu. Tena ziko sendika ambazo kiongozi wake anakunywa chai na mkurugenzi kuliko na wafanyakazi. Tunalijua hilo, na wanaotuandikia wanalijua kuliko sisi.

Basi jibu letu. Mtume anapowaambia watumwa watii, katika Waefeso 6 na Wakolosai 3 na 4, hafungi kitabu kabla ya kuwageukia mabwana na kuwadai haki. Mhubiri anayesoma nusu ya kwanza tu amewanyima kondoo wake nusu ya chakula. Mkristo aingie sendika. Shemasi akichaguliwa kuwa mjumbe, akubali, na kanisa limwombee waziwazi kama linavyomwombea mwalimu au muuguzi. Asichome gari la kampuni, asimpige mwenzake aliyeogopa kugoma, na bahasha ya mkurugenzi airudishe mbele ya mashahidi. Akihitaji kugoma, afuate hatua za sheria ya kazi ya 2002, sababu mgomo uliorukwa hatua unamfukuzisha mtu kazi kwa urahisi.

Kwa ndugu wa Kolwezi walioomba namba za vifungu ili wamwonyeshe mkubwa wao: ni Katiba ya 2006, kifungu cha 38 juu ya uhuru wa sendika, na cha 39 juu ya haki ya kugoma.