Cheni Mpya kwenye Meno ya Zamani: Taimingi katika Injini za Ovaholi



Nimeombwa niwaeleze ninyi, walimu wa ufundi na mafundi wenzangu wa Vitengeni, Ganze na Bamba, jinsi cheni ya taimingi na sproketi zake zinavyokaa pamoja katika injini iliyofunguliwa ikaundwa upya. Nitashika mfano mmoja tu, 1NZ-FE ya lita 1.5, injini ya Probox nyingi, maana ndiyo inayotuletea riziki kwenye hizi barabara za vumbi.

Wengi wetu tulijifunzia kwenye injini za mkanda, kama 4A-FE na 5A-FE za Corolla za miaka ya 90. Mkanda ulikuwa na adabu yake: kilomita zikitimia, unatolewa, unatupwa. Cheni ilipokuja, watu wakaambiana kwamba hiyo ni ya kudumu, haiguswi. Hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Kwa hiyo sproketi ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Tuseme ya juu ina meno 36: jino moja ni nyuzi 10 za kamshafti, yaani nyuzi 20 za krankishafti. Ukikosea jino moja, gari huenda likawaka, lakini halivuti, linakula petroli na taa ya injini haizimiki. Ukikosea zaidi, kwenye injini ambazo valvu na pistoni hupishana kwa nafasi finyu, valvu zitapinda gari likiwa bado uani kwako.

Sasa tuje kwenye kuchakaa, ambako ndiko kwenye kazi. Tunasema cheni imerefuka, lakini chuma chenyewe hakijavutika. Kilicholika ni pini na matundu yake, kidogo kidogo katika kila kiungo. Cheni ya 1NZ ina milimita 8 kutoka pini hadi pini, hivyo viungo 16 ni milimita 128. Kila kiungo kikilegea kwa sehemu moja tu ya mia, urefu huo unaongezeka milimita 1.28. Jicho halitauona, vania itauona. Ivute cheni ikaze, pima sehemu tatu tofauti, kisha linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini.

Cheni iliyolegea haikai tena kwenye shina la jino. Inapanda begani na kulila upande mmoja, hadi jino linalala kama ndoana. Ukivika cheni mpya juu ya meno ya namna hiyo, nafasi za viungo na nafasi za meno hazilingani, na mzigo uliopaswa kugawanywa unabebwa na meno mawili matatu. Cheni mpya inaliwa upesi, na mteja anarudi akisema umemuuzia spea bandia. Ndiyo maana sproketi nayo hupimwa: izungushie cheni, pima kipenyo juu ya cheni kwa vania, na ikiwa chini ya kikomo iweke kando.

Najua mnachoambiwa na wenye magari: “Fundi, hizo gia bado ni chuma, weka cheni peke yake.” Mimi jibu langu ni hapana. Cheni, sproketi, reli za plastiki zinazoongoza cheni na tenshona inayoikaza huingia pamoja. Reli yenye mifereji mirefu iliyochimbwa na cheni haina haja hata ya kupimwa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni hedi. Huku kwetu joto ni kali na rejeta hujazwa maji yoyote yatakayopatikana. Gari likichemsha, hedi inapinda, inapelekwa kuchongwa. Kila inapochongwa, kamshafti zinasogea karibu na krankishafti. Cheni inalegea, tenshona inatoka zaidi kufidia, na kamshafti zinachelewa kidogo. Tena kwenye 1NZ kifuniko cha mbele kimefungwa kwenye hedi na bloku kwa pamoja, kwa hiyo kingo zake za juu hazitakutana sawa na hedi iliyoshuka, na oili itavuja hapo. Muulize mwenye mashine ameondoa kiasi gani. Hedi iliyokwisha kuchongwa mara kadhaa, mimi naitafutia nyingine.

Wakati wa kufunga, viungo vya cheni vyenye rangi vilingane na alama za sproketi, na gia ya VVT-i, ile inayobadilisha taimingi ya kamshafti, iwe imejifunga kwa pini yake. Achilia tenshona, kisha zungusha krankishafti kwa spana mizunguko miwili kamili, kuelekea upande inakozunguka injini. Ikigoma, simama, usiisaidie kwa bomba refu, na usithubutu kujaribu kwa stata. Baada ya mizunguko hiyo alama za sproketi zitarudi mahali pake, lakini viungo vya rangi havitarudi. Vijana wengi huona hivyo wakaanza kufungua upya. Msihangaike, idadi ya viungo hairuhusu virudi upesi hivyo; angalieni alama za sproketi tu.

Tenshona husukumwa na springi pamoja na presha ya oili. Kabla ya kuwasha, mwagia cheni oili, toa plagi, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime. Ule mkwaruzo wa asubuhi unaodumu sekunde chache kisha ukapotea ni cheni inayosubiri presha. Badilisha oili na filta kila kilomita 5,000, na oili isiwe ya kupimiwa kwenye chupa za maji.

Ombi langu kwa vyuo vya ufundi ni kila karakana iwe na vania nzima na kitabu cha injini inayofundishwa. Kwenu mafundi: mteja akikataa sproketi mpya, andikeni kwenye risiti kwamba amekataa, naye atie sahihi kabla hamjafunga kifuniko.